Nusu Dakika

Kamera ya kwanza ilikuwa mali ya kiwanda.
Iliandikwa kwenye daftari la klabu kama nyundo,
kama koleo: inatoka Jumamosi, inarudi Jumatatu
kabla ya king'ora cha saa kumi na mbili.
Spiringi yake, ukiijaza hadi igome,
ilikupa nusu dakika. Basi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, karani wa mizani
katika kinu cha chuma cha Diósgyőr,
na Vendel, mwendesha winchi, mwenyekiti wetu,
alinifundisha jambo moja tu: usipumue.
"Gizella, pumzi yako itaonekana ukutani,
kubwa kama nyumba."

Filamu yangu ya kwanza: baba akinyoa ndevu
dirishani, Januari, theluji nje nyeupe pe.
Nikapima mwanga wa theluji, nikasahau wa baba.
Likatoka dirisha zuri ajabu,
kila tawi la mtofaa na ukingo wake,
na mbele yake donge la giza linajinyoa.
Wanaklabu walicheka hadi projekta ikatikisika.
Baba hakucheka. Aliinama mbele, akatazama sana,
akasema, "Masikio ni yangu."

Sikukoma. Harusi za majirani, kwa ujira wa supu.
Mto Szinva ukipasua barafu yake.
Paka wa bohari. Tanuru likifunguliwa, mara kumi na moja,
na mara kumi na moja filamu ikarudi nyeupe
kama karatasi ya mtihani ya mtoro.
Mara ya kumi na mbili nikalipa tanuru kisogo,
nikapiga nyuso za wanaolitazama.

Budapest walinichukua nibebe miguu ya kamera.
Nikabeba miaka sita. Tisa nikazungusha fokasi,
utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani,
nikijua umbali wa kila pua nchini
na nisijue hata moja inalia nini.
Kisha wakaniachia mwanga.
Filamu ishirini na mbili. Nusu yake ni mbovu;
taa nzuri haitibu maneno yaliyooza.
Baba alifariki nikiwa kilimani na watu arobaini,
tunasubiri wingu lipite.
Likapita. Tukapiga.
Habari nilipewa wakati wa chai.

Sasa kinu kimefungwa, winchi zimeuzwa kwa kilo,
na mimi nafundisha, Jumanne na Alhamisi,
ghorofa ya pili, chumba chenye pazia lisilofunga vizuri.
Mwezi wa kwanza siwapi kamera. Nawapa fremu ya kadibodi
na mji. Wananung'unika. Zalán aliniuliza
kama ada yake ndiyo imenunua hiyo kadibodi.
Nikamwambia hapana, ni boksi la viatu vyangu.

Wiki iliyopita Csenge alileta kazi yake:
bibi yake akikanda unga, asubuhi, dirisha nyuma.
Dirisha safi. Bustani safi. Bibi, donge la giza.
Darasa likaangua kicheko.
Nami nilikuwa nimeshainua chaki, sentensi imeiva mdomoni:
pima uso kwanza, anga itajitegemea.
Chaki ikabaki hewani.
"Irudishe," nikasema. "Mwanzo. Polepole."
Tukamtafuta bibi kizani, sote kumi na wanane,
kama watu waliodondosha ufunguo.
Csenge akainuka, akagusa ukuta kwa kidole:
"Hapa. Hereni."
Kweli. Nukta moja, ikicheza kwa mdundo wa mikono.

Ndipo nikafundisha kupima uso.

Baada ya kipindi nikampa kipima-mwanga changu,
cha ngozi iliyochanika, cha miaka yote ile,
nikaandika daftarini: kinatoka Alhamisi,
kinarudi Jumatatu.
Leo ni Jumatano ya pili.
Simuulizi.