Nyuzi za Kofia

Mama anatafuta donge lake la uzi mweupe.
Hajui kuwa limefika Wete, nyuma ya ghala bovu,
limekatwa vipande vya nusu kidole
na kugandishwa, kimoja kimoja, mgongoni mwa bawa.

Bawa gani hili? Shaame anacheka.
Halina ncha. Limejipinda likajirudia,
likafunga duara kama kata ya kubebea ndoo.
"Ndege wa wapi kaumbwa hivi?"
Hakuna, nasema. Ndiyo maana tunauliza.

Na wa kuulizwa ni upepo.
Tumeujengea nyumba: sanduku la plaiwudi,
kioo cha kabati la vyombo ubavuni,
feni tuliyoinunua kwa muuza barafu,
na mirija ya soda elfu moja na mia mbili,
tumeipanga, tukaibana, ili upepo ukiingia
uache utoto wake mlangoni.

Riziki anachoma ubani. Moshi unaingia mwembamba,
unafika kwenye bawa, unagawanyika, huku juu, huku chini,
kama watu wanaompisha mgonjwa njiani.
Nyuzi za mama zimelala zote.
Uzi ukilala, bawa limeridhika.

Digrii nane. Mizani ya karafuu inasoma gramu mia mbili na kumi.
Digrii kumi na mbili. Hapa ndipo bawa la kawaida lilipotushinda jana,
nyuzi zikachachamaa, zikageukia zilikotoka,
zikawa nywele za mtu aliyeamshwa usiku.
Shaame ameacha kucheka.
Kumi na nne. Zimelala.
Kumi na sita. Mmoja tu, penye gundi mbaya,
unatikisika kama mtu mwenye neno anayejizuia.
Kumi na

umeme.

Feni inazunguka kwa mazoea, inachoka, inakoma.
Moshi umekosa wa kuuamrisha, unajaa kiooni
hata bawa hatulioni. Tumebaki gizani na harufu ya arusi.
"Kwenye kumi na nane lingeanguka," anasema Shaame.
Huenda. Namulika daftari kwa tochi ya simu, naandika:
huenda.

Nyumbani mama ana kofia isiyokwisha mapajani.
Ananyoosha mkono bila kunitazama.
Namrudishia donge, analipima kiganjani,
na kiganja chake hakihitaji gramu.
"Lote hili umelipeleka wapi?"
"Kwa upepo."
Anatunga sindano, jicho moja kalifumba.
"Haya. Na umesemaje?"