Kutu Nyekundu, Kutu Nyeusi

Kanazawa. Theluji imepanda hadi dirishani.
Shigeno amepakata kikingio cha upanga,
duara la chuma lisilojaza kiganja.
Upanga wenyewe uliuzwa mwaka wa njaa.

Kaka yake, Yasuhei, alikuwa na pupa:
kikingio cha pili alikitumbukiza kwenye siki,
kikatoka cheupe kama kuku aliyenyonyolewa.
Mnunuzi alikitazama, akaomba chai.

Yeye anatumia pembe ya kulungu,
ncha ameichonga mwenyewe.
Anakwangua nyekundu, anaiacha nyeusi,
maana ipo kutu ilayo, na ipo kutu ivikayo.
Kikulacho, ewe chuma, ki nguoni mwako,
na nguo yenyewe ndiyo hiyo.

Tone la mafuta. Harufu ya karafuu.
Kitambaa kinageuka rangi ya matofali.

Siku ya tisa anachomoza kereng'ende:
bawa moja la dhahabu,
la pili mikwaruzo mitupu —
msasa, na mkono wa mtoto.

Shigeno anaujua mkono huo.
Alikuwa na miaka sita,
alitaka baba akirudi akute kinang'aa.

Hapo anapangusa taratibu zaidi.
Yasuhei anauliza kutoka jikoni: Bado?

Bado.