Zamu ya Nne

Nyegezi, chumba namba tisa.
Tanuri langu ni dogo kuliko jiko la Minza
ila linafika nyuzi mia nane.
Nina vioo vinne vya kwatzi, kila kimoja na zamu yake,
na juu ya kila kimoja utando wa kaboni
mwembamba mno: rundika tando mia tano
bado hujaufikia unene wa unywele.
Rangi yake chai ya rangi iliyopoa.
Nikigusisha nyaya, mita inanuna.

Minza anabanika kambale Igombe.
Jumamosi aliniuliza, akifuta macho kwa kiwiko:
"Kitu chembamba hivyo si kitaungua tu?"
Kitaungua, nikamwambia, kikipata hewa.
Ndiyo maana natanguliza naitrojeni,
naifukuza hewa kama wewe unavyofukuza inzi.

Mia mbili, kimya.
Mia tatu, pampu inakohoa.
Mia nne na kitu, haidrojeni inaanza kuaga,
mgeni aliyekalia kiti cha mwenyeji.
Hapo kaboni zinasogeleana.
Iliyokuwa imenyoosha mikono minne
inashika kwa mitatu,
inapanga pembe sita, pembe sita,
sega lisilo na asali.

Zamu ya tatu umeme ulikatika.
Saa saba na dakika kumi.
Dirishani mawe yalikuwa yamebebana vilevile,
yenyewe yaliiva zamani, hayana cha kusubiri.
Mimi nilikuwa nacho. Sikusubiri.
Nilifungua mlango kungali moto
na utando ukachanika mbele ya macho yangu
kama tope la ufukweni ziwa likirudi nyuma.
Niliandika daftarini: kosa la mtu.
Ruhumbika akasoma, akauliza mtu gani.

Ya nne nililala nayo maabara.
Nyuzi mbili kwa dakika kupanda,
moja kwa dakika kushuka,
na mbu wote wa Nyegezi wakijua nilipo.
Alfajiri nikaitoa: nyeusi, inang'aa,
nikaona ndani yake uso wangu wenye usingizi.
Nikagusisha nyaya. Mita ikasema.

Lakini kucha inaukwaruza sasa,
utando uliokuwa ukiishinda sindano.
Umepata njia, umepoteza ugumu,
na hakuna safu ya jambo hilo katika jedwali langu.

Nilimpelekea Minza auone.
Alikuwa akikunja kambale, mkia mdomoni,
mmoja baada ya mwingine, bila kutazama.
"Mimi humkunja angali mbichi," akasema.
"Akishapita motoni hakunjiki, anavunjika.
Chako kinajikunja motoni? Basi si samaki."
Akacheka, akakishika
kwa kidole chenye mafuta na masizi,
katikati kabisa, pale nilipotaka kupima tena.

Sampuli imeharibika, kwa kanuni zote.
Nimeiandikia kibandiko:
namba nne, mia nane, Igombe.
Sijaifuta.