Maneno Matatu

Alhamisi, saa tatu, zahanati ya Mpunguzi.
Viti kumi na viwili vya plastiki,
kimoja kimefungwa waya mguuni,
na hicho ndicho huniangukia mimi.

"Inukeni bila kushika kitu," alisema Nesi Atupele,
"mikono kifuani, kama mnaosali."
Akabonyeza saa ya simu. Nusu dakika.
Magoti yangu yakalia kama roda isiyotiwa grisi.
Nne. Tano.
Hulda Ndahani, anayenizidi miaka sita,
alikwishafika kumi na moja, wala hahemi,
akanitazama kama mtu atazamavyo
mbuzi aliyekwama kwenye miiba.

Mimi nilichimba visima arobaini na vitatu,
kuanzia hapa hadi Mvumi, hadi kule Nagulo,
nikishuka kwa kamba futi sitini,
nikipanda kwa kamba hiyo hiyo, sururu mgongoni.
Leo nafundishwa kuinuka kitini.
Na ninafundishika. Hapo ndipo panaponiuma.

Kisha mguu mmoja, ukuta ukiruhusiwa kidogo tu.
Loti Chiwanga akashika ukuta, ukamponyoka,
akamshika Hulda,
tukacheka mpaka meno ya bandia yakadondoka sakafuni.
Hatukuuliza ni ya nani.

Halafu yakaja maneno.
"Yashikeni, nitawauliza mwishoni:
zabibu, ufunguo, mvua."
Tukarushiana mpira wa matambara,
tukahesabu kinyumenyume toka mia, tatu tatu,
tisini na saba, tisini na nne,
na zamu yangu ikafika.

"Zabibu," nikasema. "Ufunguo."
Kimya.
Nikachungulia shimoni mwa kichwa changu:
giza, na kamba inaning'inia bila ndoo.

"Mgogo kasahau mvua!" Loti akapiga paja.
Wote wakacheka, isipokuwa nesi.
Yeye aliandika kitu daftarini,
na kalamu ilikawia kuliko neno moja.

Usiku nilikesha nikijitetea.
Sikuisahau, nikajiambia, sikuwahi kuiweka.
Wenzangu walipotazama juu, mimi nilitazama chini;
ingekuwa ya kuaminika, nani angeniita na sururu yangu?
Uongo mzuri. Niliufaidi mpaka jogoo la kwanza.

Ukweli ni huu:
Peresi alikuwa ananiuliza.
Chumvi umeweka wapi? Yule wa Kikombo alilipa?
Jina la mtoto wa tatu wa dada yako nani?
Nilidhani ni kelele.
Sasa mwaka wa nne, redio inasema kutwa nzima
na haijawahi kuniuliza kitu.

Basi kila asubuhi, kabla ya uji,
nakaa ukingoni mwa kitanda cha kamba,
nainuka mara sita, kuku wakishuhudia.
Nayataja majina ya visima vyangu, kimoja kimoja,
vyenye maji na vilivyonidanganya.
Jana nilifika thelathini na tisa.

Alhamisi iliyofuata, mlangoni, hata salamu bado,
"Mvua," nikasema.

Nesi Atupele akatoa kichwa nje:
jua, vumbi, mbingu nyeupe kama sahani.
"Iko wapi, babu?"

Nikakitafuta kiti changu cha waya.
Hulda hakungoja saa,
alikuwa ameshaanza, yuko tatu.