Nyeusi, Ndogo, Kifuniko Kibanwe

Saa kumi na moja na nusu, baridi ya Machi inang'ata masikio,
nafungua dirisha la kibanda changu, stesheni ya Addlebrook,
nawasha mashine, nayo inakohoa kama mimi.
Kwanza hufika taa za magari yao,
moja moja, zikishuka kilima karibu na kanisa,
kisha milango, pu! pu!
kisha viatu juu ya changarawe.

Siwajui kwa majina. Nawajua kwa vikombe.
Maziwa ya soya, sukari hapana: mwanasheria, nadhani.
Chai kali, mfuko uachwe ndani: yule wa koti la kijani.
Nyeusi, ndogo, kifuniko kibanwe:
huyo ni wa behewa la tatu, mlango wa pili.
Miaka kumi na tisa amesimama pale pale
mpaka mstari wa njano umefutika chini ya soli zake.

Saa kumi na mbili na dakika nane treni inawameza.
London itawatema usiku, wamekunjamana kama risiti.

Kijiji kinabaki na sisi,
na Winifred Tapsell anayemwagilia maua hata mvua ikinyesha,
na gari la vifurushi linalobisha hodi nyumba tupu,
na basi la Jumanne, ambalo Jumanne nyingine hughairi.
Kibanda chekundu cha simu hakina simu;
kina riwaya za upelelezi zilizochanika ukurasa wa mwisho,
na mashine ya kuushtua moyo uliosimama,
Mungu apishe mbali.

Jumatatu moja, nyeusi ndogo hakuja.
Nilikuwa nimeshamtengenezea. Ikapoa, nikaimwaga.
Jumanne nikaimwaga tena.
Jumatano nikainywa mwenyewe, chungu kama shubiri.

Alhamisi, saa nne, jua limeshapanda,
namwona anashuka kilima kwa miguu,
hana tai, kavaa sapatu za nyumbani, bahasha mkononi.
"Samahani," anauliza, kama mgeni aliyeteremka leo,
"posta iko wapi?"

Posta! Mwaka wa sita huu tangu ifungwe.
Siku hizi ni saluni ya mbwa.
Ningecheka, ila nilimwona anavyozitazama nyumba,
moja baada ya nyingine,
kama mtu anayetafuta uso wa ndugu
katika picha za harusi ambayo hakualikwa.

"Wamenipunguza kazini," akasema. "Ijumaa.
Walinipa keki. Jina langu wakalikosea."

Sikujibu. Nilichukua kikombe cha kauri, changu, chenye ufa mdomoni,
nikamvutia kiti cha plastiki upande wa jua.
Alikishika kwa mikono miwili. Akatafuta kifuniko.
Akatazama saa, halafu reli, halafu mimi.

"Lionel," akasema. "Si Leonard."
Nikamwambia langu.

Treni ya saa nne na robo ikapita bila kusimama,
kahawa ikatikisika,
naye akakisogeza kikombe mbali na magoti,
asije akachafua sapatu.