Kurasa Mbili Kabla ya Zamu

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri,
birika halijaanza kulalamika,
nafungua riwaya niliyoinunua kwa sarafu moja
kwenye kapu la mlangoni, duka la vitabu vikuukuu, Hamamatsu.
Kurasa mbili. Si tatu.
Tatu ni tamaa, na tamaa ilinimaliza mwaka wa kwanza:
nilimeza maneno hamsini kwa siku,
kukicha nimebaki na pakacha lililolowa.

Aliyekuwa nacho kabla yangu alipiga mistari ya penseli
hadi ukurasa wa sitini na moja, akaacha.
Sijui kama alichoka, au aliolewa, au alikufa.
Nilipofungua wa sitini na mbili
nilikaa wima, kama mtu aliyeachiwa usukani.

Uso wangu unajua Kijapani.
Ulimi wangu ulizaliwa Londrina, Brazili.
Neusa Higashi: nusu ya kwanza ya jina huwashangaza,
nusu ya pili huwafanya waongee haraka.
Baba wa babu alivuka na lugha nzima sandukuni;
kila kizazi kikachomoa kipande,
kwangu ikafika kamba tu ya kufungia.

Basi nafunga nilichonacho.
Naandika neno moja kwenye utepe wa maboksi,
nalibandika kwenye mashine yangu ya kukata meno ya gia;
zamu ikiisha limekwisha kuingia grisi,
limekwisha kuwa langu.
Jioni nausomea mchele kwa sauti.
Mchele unachemka, haucheki.

Lugha hii ina adabu ya kuficha.
Kitenzi kinakaa nyuma kabisa, karibu na viatu,
na mtenda hatajwi.
Kwenda. Kulia. Kufunga mlango.
Nani? nauliza, alfajiri, peke yangu.
Kitabu kimya.
Narudi nyuma mistari minane
namkuta mama mkwe, alikuwa humo muda wote,
anamenya chenza.

Kazini wananisifu. Kijapani chako kizuri mno!
Nikisema habari za asubuhi, wananisifu.
Nikiomba bisibisi, wananisifu.
Sifa zile ni zulia la sebuleni:
unakanyaga, unashukuru,
jikoni hukaribishwi.

Kisha Jumanne moja ya Novemba, kwenye treni,
mama mkwe akaanza kuandika barua.
Sikuona herufi. Sikutafuta neno.
Niliona mkono wake, na mahali uliposita,
na wino ulivyotuna pale uliposita.
Nilipoinua kichwa Washizu ilikuwa imepita
na kibao cha dirishani kilisema Futagawa.

Kuchelewa kiwandani ni kosa la kuandikiwa maelezo.
Nikaketi chumba cha chakula, nikaeleza:
nilikuwa nasoma, nikapitiliza kituo.
Bwana Shiozaki, msimamizi, aliisoma karatasi amesimama,
miwani imepandishwa kwenye paji la uso.
Nikangoja anisifu.
Akachomoa kalamu nyekundu,
akakata herufi moja, akaandika nyingine juu yake.
"Hapa si *wa*. Ni *ga*,"
kwa ukali uleule anaompa Terada,
aliyezaliwa nyuma ya kiwanda hikihiki.
"Andika upya."

Niliandika upya. Masikio yalikuwa ya moto
na sikutaka yapoe.

Ile ya kwanza, yenye jeraha,
nimeipachika ukurasa wa sitini na moja,
pale penseli ya yule mwingine ilipolala.
Birika linaanza sasa.
Mama mkwe bado hajatia sahihi,
na mpaka leo sijui
anamwandikia nani.