Ukoko

Kazi ya muhula ilikuwa sentensi moja:
sanifu kitu cha thamani kutokana na kinachotupwa.
Mwalimu Kilasara aliiandika ubaoni,
akapangusa chaki suruali, akaondoka.

Mimi nikaenda kupika.

Ndivyo nilivyo. Wazo likigoma
nawasha mtungi wangu wa kilo sita
na kufungua daftari la mapishi ya watu wa mbali.
Wiki ya nembo ya duka la viatu
nilivuta tambi za Kijapani kwa unga wa chapati.
Wiki ya kiti cha maboksi
(kilichomwangusha mwalimu msaidizi)
nilivundika kabichi za Mabibo kwa pilipili, Kikorea,
ndoo ikanguruma uvunguni usiku kucha
mpaka Havijawa, ninayeishi naye chumba kimoja Sinza,
akahamia kwa shangazi yake siku tatu.

Jumamosi hii, wali wa Uajemi.
Daftari linadai zafarani.
Zafarani! Kwa bei niliyotajiwa Kariakoo
ningenunua wino wa mwezi mzima.
Nikatia binzari, nikaiomba radhi hewa.
Mchele ulikuwa wa Kyela, unanukia wenyewe,
haukuambiwa kwamba ulitakiwa kuwa mrefu.

Osha mpaka maji yakuone. Chemsha nusu. Chuja.
Mafuta chini, wali juu kama kichuguu,
toboa matundu kwa mpini wa mwiko,
viringisha kitambaa kwenye mfuniko.
Usifunue.

Usifunue! Miaka miwili chuoni sijafundishwa zaidi ya hilo,
na siku zote nimekuwa mfunuaji.

Umeme ukakatika.
Kompyuta, ambayo betri yake ni jina tu,
ikazimika na michoro minne nisiyoihifadhi.
Nikabaki gizani na sufuria,
nikisikiliza kitu kikikauka chini yake,
ta, ta, ta,
kama mtu anayekanyaga majani makavu
akiomba asisikike.

Kwa tochi ya simu nikasoma mstari wa mwisho:
sehemu ya chini, iliyoungua, apewe mgeni wa heshima.

Nikarudia. Ya chini? Iliyoungua?
Ile tuliyoikwangua Ifakara kwa kijiko cha bati,
mimi na binamu yangu Fidea, tumechuchumaa,
sufuria katikati yetu kama kesi?
Ukoko?
Ambao lugha yetu, bila huruma,
imeuchanganya jina na uchafu wa meno?
Ambao mama alituapia kwamba ukiula
siku ya harusi yako itanyesha mvua?

Nikapindua sufuria juu ya sinia.
Ukatoka mzima.
Duara la kahawia, kingo za dhahabu,
na katikati, pale jiko lilipouma,
ua jeusi, petali nane,
kila punje imekaa mahali pake
kama aliyelipia kiti.

Robo nikaila papo hapo, nimesimama.
Iliyobaki nikaipaka wino.
Nikagandamiza karatasi, nikabandua,
nikagandamiza tena,
mara kumi na moja, mpaka ukavunjika mikononi.

Jumatatu zikaning'inia karakana nzima.
Mmoja wa jopo akauliza: ni kupatwa kwa mwezi?
Mwingine akaona ngome iliyobomoka upande.
Mwalimu Kilasara akasogea mpaka pua ikagusa karatasi.
"Nani aliunguza wali?"
"Mimi."
Akaandika jambo fupi kwenye fomu, sikuliona,
kisha kwa sauti ya chini, kama anayeulizia njia:
"Ulibaki?"

Ndipo matone yakaanza kuhesabu mabati,
moja, matatu, halafu yote kwa pamoja,
na Havijawa, mlangoni, ndala mkononi,
sketi imemlowa mpaka magotini, akapaza sauti:
"Haya, bwana harusi mwenyewe yuko wapi?"